Gervas wa Kitanga alinipakia mayai rangi. Mbegu ya kuku wangu iko kwa nani?

Nilimwinua tetea aliyekuwa anaatamia, nikaona manyoya ya tumboni yamekuwa bluu.

Mayai niliyomwekea yalikuwa ya kijani. Sasa yalikuwa ya kahawia, yana mabaka.

Nikakaa chini palepale bandani.

Wakuu, habari zenu. Shule niliishia la nne, maandishi mnivumilie. Ila haya yamenikuta mwenyewe, na majina nayataja.

Nipo Kibondo. Kuku wangu walitokana na tetea mmoja niliyeachiwa na jirani aliyehama. Alikuwa anataga mayai ya kijani. Kila uzao nikawa nabakiza wanaotaga kijani, wanaotulia kwenye mayai, na wanaomkabili mwewe. Asiyetulia nilimla, hata kama anataga kijani. Imenichukua miaka.

(Wa kuniuliza ladha ya yai: ni ileile, msinichoshe.)

Huku kwetu kuna kuragiza. Unampa rafiki kuku wako afuge kwake, vifaranga mnagawana. Nilimpa Gervas wa Kitanga jogoo na matetea wawili. Hofu yangu ilikuwa ugonjwa. Ukiingia kwangu, mbegu ibaki kwake.

Kweli kideri kikaja, kikamaliza banda lote. Mke wangu akafagia manyoya, mimi nikachimba shimo.

Nikaenda Kitanga. Kuku sikuwaona.

"Wapo shambani kwa shemeji, bwana," Gervas akasema. "Chukua mayai haya, si ndiyo mbegu yenyewe?"

Mkewe akaingia ndani, hakutoka hata kuniaga. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Mayai yalikuwa kijani kabisa. Wafugaji mnajua, yai la kuatamisha halioshwi. Na yeye anajua. Nikayafunga kwenye majani makavu ya mgomba, nikaazima tetea kwa jirani, nikamwekea.

Halafu mvua ikavuja bandani, kuku akalowa. Ndiyo asubuhi ile niliyomwinua, nikaona bluu tumboni.

Nikavunja yai moja. Ganda kwa ndani jeupe. Yai la kijani la kweli ni kijani mpaka ndani. Lile lilikuwa la kahawia, likapakwa bluu ya kufulia mpaka likaonekana kijani.

Nikampigia simu. "Gervas, umenipakia mayai rangi?"

"Eeh, mzee mwenzangu, si ulitaka ya kijani?" Akacheka.

Nikamuuliza kuku wangu wenyewe wako wapi. Ndipo akasema kuku wote watatu amempa Shabani, mwenye duka Kasulu mjini. Walibadilishana na redio.

Nikamfuata Shabani. Jogoo wangu yupo uani kwake, na matetea wote wawili.

"Mjomba, mimi nimepewa na aliyekuwa nao," akaniambia. "Mdai yeye."

Matetea wale wamezeeka. Wakiacha kutaga, hakuna wengine.

Nilichojifunza: ukiragiza, weka shahidi. Na ukipewa mayai ya rangi, vunja moja kabla hujasema asante. Kama kuna aliyefanyiwa hivi, aandike hapa alipataje haki yake. Wa kucheka pia mcheke, nimeshazoea.

Gervas, binti yako yumo humu, atakusomea. Redio sina shida nayo. Jibu hapahapa mbele za watu: lini unaenda Kasulu kunitolea kuku wangu kwa Shabani?