Miche ya Uvunguni

Msimu mmoja wa baridi kali pale Vwawa, mimi na wifi yangu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tulisia nyanya ndani, kwenye makopo ya mafuta. Yake aliyapanga dirishani, kila mpita njia akayasifia. Roho iliniuma. Yangu niliyaficha uvunguni mwa kitanda, asije akaona samadi ninayotumia akaniiga.

Miche yake ikatoka mifupi, minene, ya kijani. Yangu ilirefuka kama nyuzi, ikapauka, ikalala.

Sijui nani alimwambia. Alikuja na makopo matatu. “Chukua, wifi. Miche haifichwi, inataka mwanga.”

Nilipiga goti, nikashukuru. Kisha nikaenda kuipanda nyuma ya choo, kivulini, ambako dirisha lake halioni.