Meza ya Mama, Ghorofa ya Nne

Enzi zetu, Jumamosi iliingia kwa masikio. Tu, tu, tu: mchi ulishuka kinuni kabla hatujafumbua macho, na jirani wa chini akajibu kwa kugonga dari lake na mpini wa ufagio. Mama aliweka kipande cha godoro kuukuu chini ya kinu, akaendelea kutwanga sombe, kisamvu cha kwetu. Sombe haitwangwi kwa kunong'ona, alisema.

Wenzangu mliokulia huku ugenini kusini, mtaani Albert Park, mnajua. Lifti ilikuwa imekufa, na ngazi zilinuka mawese, vitunguu na sambaza wakavu, wale dagaa wa Kivu waliosafiri kutoka Bukavu ndani ya masanduku ya wageni. Hapakuwa na bango. Aliyetaka kula alifuata mchi, kisha pua, hadi kwenye meza ndefu iliyojaza sebule yetu. Vinyozi, wauza simu, mwanafunzi wa Tanga aliyelilia pilau, wote tuliwanawisha mikono, wakala sinia moja. Mama alikuwa na sheria moja tu: chakula chake hakiondoki mezani. Ukikitaka, panda, kaa. "Mutu asikule peke yake sawa vile mugonjwa," alisema.

Siku moja alipanda Mreno mwenye mkahawa wa kuku wa kuchoma kule South Beach, uso mwekundu kwa zile ngazi. Wapishi wake Wakongo walikuwa wamemwonjesha sombe waliyojipikia, wakamsifia ya Mama. Alitaka Mama ampelekee masufuria kila siku, ayauze kwake. Mwaka ule Baba hakuwa na kazi. Sisi watoto tulimtazama Mama, tukaviona kabisa viatu vipya vya shule.

"Mwambie akae," Mama aliniambia, maana mkalimani nilikuwa mimi. "Akule kwanza."

Nikamnawisha. Hakuuliza uma. Alimega bugali, akachovya, akamwonja sambaza mmoja. Kisha akatusimulia Setúbal, mji wake wa pwani kule Ureno. Mgeni akifika huko, alisema, asile penye picha za vyakula mlangoni. Afuate moshi wa samaki hadi uchochoroni, kwenye jiko la makaa, mahali ambapo mwenye nyumba atamgombeza akibakisha.

"Abakishe aone," Mama akasema nilipomaliza kutafsiri, na meza nzima ikaangua kicheko.

Habari za masufuria hazikurudi tena. Jumamosi iliyofuata alikuja na mkewe, nyingine akaja na wateja wake, wote wakalipa, na viatu vya shule vikanunuliwa bila chakula kushuka hata ngazi moja. Nilivivaa nikitembea kifua mbele, kama mwana wa mfalme.

Leo vijana huuliza simu wapi pa kula. Humpiga picha samaki hadi apoe, humpa nyota, kisha hula wameinama, kila mmoja na kioo chake. Nyota zetu zilikuwa jasho la pilipili kwenye paji la uso. Lakini Mama amezeeka, na wengi waliokuwa wakipanda wamehama. Viti vinabaki vitupu. Mwaka huu nilimbembeleza apokee oda za simu. Alikubali, ila hakuniambia atakubali vipi.

Oda ya kwanza ilitoka Morningside, mtaa wa wenye nazo. Mwenye pikipiki wa kuipeleka, baba mmoja wa Goma, akagonga, kofia ngumu kichwani.

"Mama, oda iko tayari?"

"Iko. Weye umekula?"

"Eish, Mama, mteja anangoja."

"Angoje. Yeye ndiye alikataa ngazi."

Akamvutia kiti. Nikaleta birika na beseni, mikono yangu ikakumbuka yenyewe kazi ile. Baba wa watu akavua kofia, akamega, akafumba macho. Simu yake ikalia juu ya meza.

"Mwambie chakula yake iko na watu," Mama akasema.

Tulikula sinia moja, sisi watatu. Mama aliusogeza mkono wa mgeni kwenye sambaza aliowaacha kwa adabu, akamgombeza, akamtazama hadi chuma cha sinia kikang'aa. Ndipo akaliinua boksi la oda mwenyewe, kwa mikono miwili, akampa.

"Sasa inaweza kutoka," akasema. "Imeshakuliwa mezani."

"Aksanti sana, Mama. Sharp," akaaga kimtaa.

Na mlango ukafungwa nyuma yake.