Sala Ndefu Darajani

Asubuhi ile kijiji chetu cha Kyimo kilinuka utomvu wa migomba. Watu wa ng'ambo ya kijito walikuwa wamefyeka migomba yetu michanga, wakidai tumevuka mpaka, na baba yangu, ambaye hata kuku wa Krismasi alichinjiwa na jirani, alikuwa ananoa panga. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alimshika koti akilia, baba akajichomoa akaondoka, nami nikamfuata kwa mbali.

Kwenye daraja la magogo wanaume wa pande zote mbili walikuwa wanatukanana, na katikati yao amesimama Mwinjilisti Anyosisye, mfupi, koti likimfika magotini. Sala zake zilikuwa ndefu mno. Kanisani watoto tulisinzia, tukaamka, tukamkuta bado anaombea wagonjwa. "Nyote nimewafundisha kipaimara," alisema. "Hamtauana kabla hatujaomba." Kofia zikavuliwa, macho yakafumbwa, mapanga yakashushwa.

Akaanza na uumbaji. Alipofika kwa Nuhu, mvua ikashuka. Hakujali. Akaingia kwenye majina, mtu mmoja mmoja, wa kwetu na wa kwao, pamoja na maradhi yao yote, mengine ya siri. Gwakisa wa ng'ambo, aliyekuwa na hasira kuliko wote, akashindwa kuvumilia. "Amina!" akapaza sauti.

"Bado, ndugu," akajibu Mwinjilisti bila kufumbua macho, akamwombea mke wa Gwakisa, aliyelazwa hospitali ya Makandana akisubiri kujifungua.

Baba akafumbua macho. "Kumbe bado hajajifungua?" akanong'ona.

"Wiki ya pili sasa," akasema Gwakisa, sauti ikikatika.

"Pole sana, ndugu yangu."

Amina ya kweli ilipofika wote walikuwa chapachapa, na mapanga yakatumika kukata majani ya migomba ya kujifunika. Baba alimkatia Gwakisa jani kubwa. Wiki iliyofuata wazee walipima mpaka. Tulipoteza mistari miwili ya migomba, na baba analalamika mpaka leo, hasa yule mtoto wa Gwakisa akija kutusalimia.

Siku hizi nasali Tukuyu mjini. Kanisa lina vipaza sauti, na nchi zinazopigana tunaziombea kwa dakika moja, kisha matangazo. Sisemi sala fupi hazifiki. Ila tangu siku ile sijaona tena mtumishi akienda kuomba palepale, mapanga yakiwa yamemzunguka.