Nilipasua mufuko wa gazi wa jirani yangu

Sitaki munihurumie. Mimi ni muongo na mujinga, na uongo wangu ulimwaga damu ya muke wangu.

Nilikuwa ninauza makala, makaa ya kupikia, hapa Goma. Magunia yalishuka kutoka Kibumba, miti iliyochomwa ya parki, pori la serikali, na sikuuliza nani aliikata. Jirani yangu alikuwa mujane kutoka Butembo. Nitamuita Mama Kavira. Alifuga nguruwe wanne. Mavi yao, maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni aliyachanganya na maji ndani ya mufuko mukubwa wa plastiki, uliolala katika shimo. Gazi iliyotoka humo ilipita kwenye bomba mpaka jikoni kwake, na sufuria ilichemka bila makala.

Nilimudharau sana. Nilisema anakula chakula cha mavi, watu wakacheka.

"Papa, uchafu ukioza ovyo, hewa yake inazidisha joto ya dunia," aliniambia. "Tukiichoma, tunapika, na miti inabaki."

"Joto ya dunia ni mambo ya Wazungu," nikamujibu. "Sisi tuko na volkano."

Lakini wamama watatu wa avenue yetu wakaanza kumuomba awafundishe. Wote walikuwa wateja wangu.

Halafu volkano ikalipuka kweli. Ardhi ilitikisika siku nyingi, na watu wakaogopa kila kitu. Nikatumia ile hofu. Niliwaambia majirani kwamba mufuko ule unatoa mazuku, hewa ya ardhini inayoua mbuzi na watu mabondeni. Nilijua ninadanganya. Walikuja na hasira, na panga lililopasua mufuko lilikuwa mukononi mwangu. Mama Kavira alisimama mulangoni, mikono kichwani.

Mwaka uliofuata, waasi wakafunga barabara ya Kibumba. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu bei ilipanda. Mushenzi mimi! Niliuza mpaka gunia la mwisho, nikifikiri mengine yatakuja. Hayakuja. Nyumbani tulikuwa na ndugu kumi waliokimbia Rutshuru, na hatukuwa na hata kijiti cha kuchemshia watoto maji.

Muke wangu akaenda na wamama wengine kutafuta kuni porini, karibu na mapigano. Walimurudisha mugongoni, risasi imepita kwenye paja.

Nilipomuinamia, alisema tu, "Kwa Mama Kavira kulikuwa na moto."

Leo anatembea na fimbo. Maneno yale hajayarudia.

Nilienda kuomba musamaha. Mama Kavira alikuwa anachambua maharagi, akaendelea kuchambua.

"Musamaha nimekupa, papa," alisema. "Mufuko ndio sina."

Wewe unayecheka kazi ya mwenzako kwa sababu inagusa biashara yako, nitazame mimi vizuri. Jirani akipika na takataka, nenda ukajifunze. Ukishindwa kujifunza, angalau funga mudomo.