Mgongo wa Mukandori wa Kingi

Wako wanaosema hadi leo kwamba mgongo wa Mukandori uliponywa na Kanamugire mganga. Uongo mtupu. Kanamugire alimchanja kwa wembe mara tatu, akajifanya kunyonya damu, akatema kijiwe alichokificha mdomoni mwake mwenyewe, akasema ndio uchawi wote. Miguu ikazidi kufa ganzi, hata Mukandori akashindwa kubeba kibuyu cha maziwa.

Mume wake alikuwa migodini, upande wa Mubi. Mashemeji walikataa kushika ingobyi, machela ya kubebea wagonjwa. "Muntu wa kulogwa hatubebi," walisema. Basi mwaka 1954 wawindaji wa Kashebere, watu baki, ndio waliompeleka hospitali ya misioni.

Daktari akatazama picha ya mifupa. Barthélemy, muuguzi, akatafsiri.

"Mama, hii uvimbe imezaliwa mu mufupa ya mugongo yenyewe. Inafinya mishipa ya miguu. Wakikupasua, unaweza kufa. Wakiacha, hautasimama tena."

"Na nisipokufa?"

"Labda utatembea."

"Basi wanoe kisu."

Mfupa ukafunguliwa, uvimbe ukatolewa kipande kwa kipande. Mukandori akalala miezi mitatu ndani ya gamba la plasta. Wiki ya sita kidole gumba cha mguu kikacheza. Akakitazama mchana kutwa, akiogopa kitaacha.

Watu wa Kingi, kijijini kwake, hawakutuma mtu kuuliza habari. Aliyefunguliwa mgongo, walisema, harudi. Wakanyoa vichwa, wakanywa pombe ya matanga, kisha mashemeji wanne, Nzabandora mkubwa wao mbele, wakaja na ingobyi na mkeka mpya kuchukua maiti. Wale wale!

Wakamkuta juani, plasta imetolewa juzi, anakula viazi.

"Shemeji Nzabandora, mukeka iko ya nani?"

"Mama... tulisikia..."

"Mulisikia! Kuuliza ndio ilikuwa nzito? Na hiyo kichwa, nani alikunyoa vibaya hivi?"

Barthélemy akageukia ukuta acheke.

"Tutarudi kesho, Mama."

"Kesho ya nini? Daktari amenipa ruhusa. Mulikuja kubeba. Mubebe!"

Wakambeba siku mbili milimani, wakihema, naye amekaa juu ya mkeka wa maziko akiwaonyesha penye utelezi. Watu wakaacha majembe kutazama maiti inayogombeza wachukuzi wake.

Chini ya mteremko wa nyumba yake akasema, "Munishushe."

Akashika fimbo. Mguu wa kulia ukatetemeka, wa kushoto ukafuata. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akapanda hadi mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, na vipara vinne vikamfuata na machela tupu.