Sungura Niliyemlisha Machicha

Naikumbuka vizuri, mjukuu wangu, siku shangazi yangu aliposhuka basi hapa Kasulo akitokea kwake Bisibo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimemfunga sungura wangu utepe mwekundu shingoni ili apendeze.

Sungura huyo alinipa shangazi mwenyewe mwezi uliotangulia, ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Alikuwa mwembamba, masikio yamemzidi mwili. Shangazi aliniusia nyasi kavu na maji, basi. Lakini nyumbani kwetu mfugo wako akikonda, watu husema wewe ndiye mchoyo. Kila aliyepita uani alinitania, "Huyo naye umemfungisha Ramadhani?" Nikaona aibu, shangazi akija atasemaje?

Mama alikuwa akipika pombe ya ndizi na mtama, na machicha yake tulimpa nguruwe, naye akinenepa tunamwona. Nikasema moyoni, kinachomnenepesha nguruwe hakitashindwa na kiumbe kidogo hivi. Asubuhi nikampa machicha, jioni ugali, na katikati ndizi mbivu, maana alizipenda mno. Siku ya tatu tumbo lilikuwa limevimba mviringo. Nikamzungusha kwa majirani nikijigamba. Ujinga wa mtoto nao una furaha yake.

Asubuhi ya siku ile ya shangazi, hakula. Alijikunyata pembeni akisaga meno, na chini yake hapakuwa na kinyesi hata punje moja. Ndipo nikamfunga utepe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama." Akampokea sungura, akampapasa mgongo, kisha tumbo. "Umemlisha nini?"

"Majani."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema taratibu. "Usiponiambia kweli sitajua namna ya kumsaidia, na atatufia mikononi."

Nikalia, nikataja vyote. Nilitegemea fimbo, lakini aliniuliza, "Ulitaka yeye ashibe, au ulitaka mimi nikusifu?" Swali hilo linaniuma hadi leo, na mvi zangu zote hizi.

Tukaondoa machicha na ugali. Mchana kutwa nilimpakata, nikimkanda tumbo polepole kwa vidole viwili kama shangazi alivyonionyesha, nikimdondoshea maji na kumsogezea nyasi kavu. Hakuna aliyeniahidi kwamba atapona. Nililala nikimwomba Mungu anisamehe.

Kulipokucha shangazi akaniita nikaone. Juu ya gunia palikuwa na punje tatu za kinyesi, na sungura alikuwa anatafuna nyasi. Tulikumbatiana kwa ajili ya mavi, mwanangu, na sioni haya kulisema.

Sasa wewe umenipigia simu kutoka Biharamulo kwamba sungura wako hanenepi na wenzako wanakucheka. Waache wacheke. Nyasi kavu zisikosekane mbele yake, wala maji safi. Majani mabichi yaache yanyauke kwanza, umzoeshe machache machache. Haba na haba hujaza kibaba. Pumba na mahindi aonje tu, na ndizi ngoja sikukuu. Kila wiki mpime kwa mizani ileile, umpapase na mgongo. Mifupa ikikuchoma, amekonda. Usipoisikia kabisa, umezidisha. Na siku akikataa kula, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, umwambie kweli yote, hata ile inayokuaibisha.

Kiumbe mchanga hukua kwa kipimo chake, si kwa macho ya wageni. Wewe mwenyewe nilikulea ukiwa mwembamba, wakanicheka mimi bibi yako, nikawaacha wamalize. Leo umekuwa mtu mzima unayelea mwenzio.

Mungu akujalie mkono wa subira, amkuze huyo mdogo wako, na nikija huko nimkute anatafuna nyasi zake, shingoni hana utepe.