Mkamwana Juu ya Jiwe

Rafiki yangu ni mkamwana wa Kinyakyusa, na katika nyumba aliyoolewa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani. Mimi nimezaliwa Usangu, kwa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na nilipopanga jirani na nyumba hiyo, Soweto ya Mbeya, mambo yao yalinichekesha mno. Mzee akitaka kutoka uani lazima akohoe kwanza. Kikohozi chake ni kikubwa, kinatangulia kama honi, ili mwenzake apate nafasi ya kupotea. Rafiki yangu alikuwa tayari kuacha mboga inaungua akajibanze nyuma ya tangi la maji. Miaka minne hakuteleza hata mara moja. Wakamwana wenzake walishateleza, yeye hapana, na alijivunia hilo. Nikimcheka ananijibu, "Wewe hujui utamu wa kuheshimiana."

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyetaka kupanda jiwe kwa kamba.

Lawama zote ni za mume wangu. Yeye ni fundi wa minara ya simu, ana kamba, mikanda ya kujifunga mapajani na kofia ngumu, na akichoka kupanda minara anapumzika kwa kupanda kitu kingine. Likizo ya Juni akatuambia twende Iringa, upande wa Kilolo, kuna mawe makubwa kuliko nyumba. Mbeya nayo ina milima, lakini kila kona ina ndugu wa mume wa rafiki yangu, naye hakutaka kuonekana na suruali ya kubana, ananing'inia. Mumewe alijua yote, akacheka, akatutakia safari njema. Wakwe waliambiwa ni semina ya walimu, maana rafiki yangu anafundisha shule. Mzee mwenyewe alikuwa ameshaaga kwamba anakwenda Ruaha Mbuyuni, kule bondeni kwenye joto, kununua vitunguu. Nani tena wa kutuzuia?

Asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kutafuna masikio. Mume wangu alizunguka nyuma ya jiwe, akaipitisha kamba kwenye pete aliyoifunga mtini, akalala kifudifudi kule juu atoe maelekezo. Mimi nilibaki chini kushika kamba, niikaze mwenzangu anapopanda, nimzuie akiteleza. Kamba sikuiogopa, nimekua nikishika ndama. Rafiki yangu akafunga kanga kiunoni juu ya suruali, "kwa lolote litakalotokea," akaanza.

Alipanda vizuri hadi katikati, pale jiwe linapotoa tumbo. Hapo akateleza, akaning'inia. Akajaribu tena, akateleza tena. Mwishowe akasema kwa sauti ya kulia kwamba anashuka. Nilimwonea huruma. Ndani ya basi alikuwa ameniambia, "Dada, nimekaa nyuma ya tangi miaka minne. Nataka siku moja nikae juu."

Kabla sijaanza kumteremsha, wazee wawili wakatokea na kidumu cha njano, wakakaa chini ya jiwe, karibu kabisa na mimi. "Poleni na kazi, mafundi," mmoja akasema, akidhani tunapima mahali pa mnara. Kofia ngumu ilikuwa imenifunika hadi nyusi. Huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji, akamimina ulanzi, ile pombe yao ya mianzi, akisema msimu ndio unakwisha. Mwenzake akatoa simu.

"Mama, nimefika salama," alisema kwa sauti kubwa. "Niko hapa Ruaha Mbuyuni. Vitunguu vizuri, lakini jua la huku, mama, linaunguza!" Akakata simu, akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana sauti niliijua. Ni baba mkwe wa rafiki yangu, yule yule mzee wa kanisa ambaye kwenye harusi hufunika glasi yake kwa kiganja. Juu, kamba ikatikisika. Nilipotazama, kanga ilishatoka kiunoni imefika kichwani.

Ndipo nikaelewa balaa letu. Nikimteremsha, anatua miguuni pa baba mkwe. Kupanda ameshindwa. Mkanda unambana mapaja, na wazee ndiyo kwanza wanajaza kikombe cha pili. Miaka minne ya heshima ilikuwa inaning'inia mikononi mwangu.

Kisha simu ya rafiki yangu ikaita. Mlio wake ni jogoo, na pale Soweto hakuna asiyemjua jogoo huyo. Akawika katikati ya jiwe, akarudia. Baadaye tulijua ni mama mkwe, alitaka kumwambia kwamba baba amefika Ruaha Mbuyuni salama.

"Sasa jogoo kafikaje kule?" mwenyeji akauliza.

Mzee hakuinua macho. Kikombe kilikuwa kimebaki njiani kwenda mdomoni. Akakiweka chini taratibu, akaligeuzia jiwe mgongo, akakohoa. Kile kikohozi cha nyumbani.

"Jirani," akaniita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo wa juu hajambo?"

"Baba anauliza hujambo?" nikapaza sauti, ingawa kila mtu alikuwa amesikia.

"Mwambie sijambo, na shikamoo."

"Hajambo, anakuamkia."

"Marahaba. Mwambie mimi niko Ruaha Mbuyuni."

"Anasema yuko Ruaha Mbuyuni."

"Mwambie na mimi niko semina."

"Naye yuko semina, baba."

"Vizuri. Basi hakuna aliyemwona mtu." Akachukua kikombe chake. "Mbona hapandi?"

"Ameshindwa, baba. Anataka kushuka."

"Ashukie wapi? Mimi nimeshakaa." Akanywa. "Mwambie apande. Mkamwana wangu hashindwi na jiwe. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze neno."

Nikamwambia hivyo hivyo. Kamba ikaanza kulegea mikononi mwangu, nikawa naivuta. Mzee hakugeuka hata kidogo, ila kila mara aliuliza, "Amefika wapi?" nami nikamtangazia kama mpira redioni: ameshika ufa, ameinua goti, ameteleza, hapana, amejishikiza, amelivuka tumbo! Mzee akapiga paja lake. Mume wangu alipopiga kelele kwamba amefika, mzee alimaliza kikombe, akachukua kidumu na mwenyeji wake, wakaondoka. Alikohoa njia nzima.

Nilizunguka nyuma nikawafuata juu. Rafiki yangu alikuwa amekaa ukingoni, kanga mabegani, machozi yanamtoka.

"Baba amezungumza na mimi," akasema. "Miaka yote hii, leo amezungumza na mimi."

"Hajazungumza na wewe," nikamwambia. "Amezungumza na mimi."

"Wewe ulikuwa mnara tu."

Chini, karibu na barabara, kikohozi kikasikika tena, kidogo sana. Akainuka haraka, akasogea nyuma kutoka ukingoni, akajifunika kanga, huku anacheka.